Shanta Moja Kuzunguka Ziwa

Ijumaa, 1 Oktoba 1954. Geita.

Likizo imekubaliwa. Hatimaye!

Nimekuwa mkwe wa watu wasionijua tangu nilipomwoa Ghati. Tulifunga ndoa hapa hapa Geita. Mjomba wake, aliyekuwa mchimbaji wa chini mgodini, alisimama mahali pa baba. Ng'ombe walipelekwa Tarime, wakapokelewa. Mimi mwenyewe sijawahi kupelekwa. Sasa tuna Bhoke, mwaka na nusu, mwenye jina la bibi yake, na bibi huyo anataka kumwona kabla macho hayajamfifia. Ghati amekuwa akinikumbusha. Kwa upole, lakini kila siku.

Kutoka Mwanza hadi Musoma kwa meli ni usiku mmoja tu. Mtu wa kawaida angepita huko. Mimi nimeamua tulizunguke ziwa upande wa pili: Bukoba, Uganda, Kisumu, ndipo tushukie Musoma. Ghati akauliza kwa nini. Nikamweleza kwamba mkwe anayetokea Kisumu ana uzito kuliko mkwe anayetokea Mwanza. Akaniangalia kidogo, akaendelea kuchambua mchele.

Jioni nikawatangazia makarani wenzangu. Athanas, karani wa mishahara, akasema naye anakwenda Kisumu kwa kaka yake, meli hiyo hiyo. Akasema atabeba sanduku lake la bati, maana njia hiyo ina kila aina ya hewa: upepo ziwani, mvua Bukoba, joto Kisumu, na Tarime baridi ya milimani. Nikasema sanduku ni la watu wasiofikiri. Nikasema mimi nitabeba shanta moja. Moja, kwa watu watatu. Wakacheka wote. Athanas akanipiga bega kama mtu anayempa pole mfiwa.

Tutaona.

Jumanne, 5 Oktoba. Geita.

Siku kubwa kwangu! Nimevumbua vazi.

Hesabu yake ni rahisi. Mzigo ukivaliwa, si mzigo tena. Basi nimekwenda kwa Ebrahim, fundi cherehani wa barazani kwa Kanji, nikamchorea koti la turubai, bitana yake blanketi jekundu. Baridi ikija, unavaa vyote. Joto likija, unafungua vifungo, bitana inatoka. Ndani mifuko kila mahali. Mgongoni mfuko mmoja mkubwa wa kumeza chochote. Suruali nayo ya turubai, miguu yake inashikwa na vifungo magotini. Ukivitoa, una kaptula. Mtu mmoja, nguo moja, dunia nzima.

Turubai tumelipata kwa Kanji, kipande kilichobaki kwenye hema la watafutaji dhahabu wa zamani. Ebrahim akauliza kama koti ni la mtu au la lori. Sindano mbili zilivunjika. Kanji akatoka dukani, akalipapasa, akaniambia mapema kwamba yeye hatalipokea likirudishwa.

Nimelivaa hadi nyumbani. Bhoke alilia aliponiona. Ghati akasema labda ni rangi.

Alhamisi, 7 Oktoba. Geita.

Tumefunga mizigo. Niseme ukweli, nimefunga mimi.

Ghati alikuwa amepanga vitu kitandani kama mtu anayehama. Nikamweleza kanuni. Sweta lake nimeliacha, koti lina nafasi ya wawili. Winda za mtoto nimezipunguza, upepo wa ziwa utakausha tukifua. Blanketi la mtoto halina kazi, liko blanketi ndani ya koti. Ghati akasema koti ni moja na sisi watatu. Nikamwambia asianze kuhesabu.

Kisha kulikuwa na furushi. Limefungwa kwa khanga, fundo kubwa. Akaliweka kando ya shanta, akasema hili lisiguswe. Halafu akaenda kuwaaga jirani zetu.

Nililibonyeza. Laini. Nguo kuukuu za mtoto, bila shaka. Wanawake hawawezi kuziacha nguo zilizokwisha kumbana mtoto. Shanta ilikuwa imejaa, na furushi likining'inia nje ni mzigo wa pili, na mzigo wa pili Athanas angeuona kabla hatujashuka kwenye lori. Nikalipeleka jikoni, nyuma ya mtungi wa maji. Aliporudi nikamwambia liko salama kwenye mfuko wa mgongoni wa koti. Akafurahi. Akasema kumbe koti lina faida.

Sikujisikia vizuri sana aliposema hivyo. Lakini shanta imefungika.

Jumamosi, 9 Oktoba. Melini, Mwanza.

Vumbi la Geita lote limo kwenye turubai. Niliketi kwenye lori kama mkate uliopakwa unga. Tukavuka kwa kivuko, tukafika Mwanza bandarini, na nani yuko pale? Athanas, na sanduku lake la bati limebebwa na wachukuzi wawili, shingo zimewasimama. Nikapita mbele yao na shanta yangu, nikiimba kimoyomoyo.

Nilikwama kwenye ngazi ya meli. Koti lilishika kamba za pande zote mbili. Abiria walinisukuma kwa nyuma, nikaingia.

Tuko daraja la tatu, kwenye sitaha. Jua lilipozama upepo ukaanza, na ule si upepo wa mchezo. Nikawafunika Ghati na mtoto kwa koti. Ndipo nikagundua kwamba nafasi ya wawili imekwisha. Nikasimama ukingoni na shati, nikasema napenda hewa.

Athanas akafungua sanduku. Blanketi juu ya blanketi! Akampa Ghati moja. Akanipa na mimi. Nikakataa. Akaliweka karibu nami, akaenda zake kulala. Sikuligusa mpaka alipoanza kukoroma.

Jumapili, 10 Oktoba. Bukoba.

Mvua.

Nilishuka nchi kavu nimnunulie Ghati ndizi, na pia watu wa Bukoba waone koti. Waliona. Turubai lilikunywa mvua yote ya mji. Nilishuka mtu mwepesi, nikarudi nimeshikwa mikono na makuli wawili, kila hatua maji yakitoka mifukoni. Ndizi zilikuwa zinaelea.

Hayo si kitu. Blanketi jekundu linatoa rangi. Shati langu jeupe, shati la pekee, nililolitunza kwa ajili ya wakwe, sasa ni la waridi. Si lote. Mabegani na kifuani, na alama moja tumboni kama ramani.

Winda nazo hazikauki. Ghati alizianika kwenye kamba za meli, zikazidi kulowa. Athanas akatoa kwenye sanduku pasi ya mkaa. Akazipiga pasi winda za mwanangu juu ya kifuniko cha bati, moja moja, hadi zikakauka, huku akimwimbia Bhoke. Bhoke akamcheka na kumvuta sikio. Mimi nilipomwita kwa Kisukuma, “Ng'wanawane, mwanangu, njoo,” akaficha uso kwenye shingo ya Athanas.

Sasa kuna foleni mbele ya lile sanduku. Huyu anaomba sindano, yule chumvi, bibi mmoja anataka dawa ya tumbo. Athanas anatoa tu. Kujionyesha kumemzidi.

Jumatatu, 11 Oktoba. Uganda.

Tumetia nanga, wanapakia magunia. Joto lenye unyevu. Koti bado linadondoka.

Asubuhi Ghati akaniomba furushi. Anataka kuanika vilivyomo, anaogopa mvua ya jana imeingia. Nikamwambia havijalowa hata kidogo. Akauliza nimejuaje. Nikasema turubai la Kanji ni imara. Akauliza kwa nini basi ndizi zilielea. Nikasema furushi liko kwa mabaharia, nimeliweka kwenye stoo ya meli, kwa usalama. Akasimama aende kuliomba.

Nikamwambia ukweli. Nyuma ya mtungi wa maji.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliketi juu ya shanta, akamweka mtoto mapajani, akasema taratibu:

“Baba Bhoke, lile lilikuwa la mama yangu.”

Khanga mpya mbili za mama yake. Shuka zito la baba yake, la kuchungia asubuhi. Kopo la ugoro. Alianza kuvikusanya tangu Pasaka, kimoja kimoja, akivificha nisije nikaviona nikavitafutia matumizi.

Kisha akanyamaza. Chakula ananipa. Mtoto ananipa. Maneno hanipi.

Nimefikiri mchana kutwa. Lazima kuna njia. Mtu aliyevumbua koti hawezi kushindwa na shuka.

Jumatano, 13 Oktoba. Kisumu.

Njia haikuwepo, au ilikuwepo ikanikataa.

Kisumu ni tanuri. Bitana nimeitoa, miguu ya suruali nimeitoa, nimebaki na kaptula na shati la waridi. Mpango ulikuwa huu: nitafute mwuza mablanketi, nimpe koti, yeye anipe shuka. Koti ni kitu cha pekee, hakuna mwingine aliye nalo. Nikampata mmoja karibu na bandari. Akalizunguka. Akauliza ni mnyama gani alikuwa akilivaa. Nikamwonyesha mifuko. Nikamwonyesha jinsi bitana inavyofungwa. Jasho lilikuwa likinitiririka hadi viatuni, na nadhani hilo lilinipunguzia heshima. Akasema nirudi msimu wa baridi. Nikamwuliza ni lini. Akasema Kisumu hakuna.

Nikarudi melini, nikaitandaza miguu ya suruali ukingoni ikauke kabisa. Upepo kidogo tu, na mguu wa kushoto ukaenda ziwani. Ulielea dakika chache kama mtu anayefikiri, ukazama.

Kwa hiyo naenda kwa wakwe na mguu mmoja.

Athanas anashukia hapa. Alinikuta nimekaa, nimeushika ule wa kulia. Akafungua sanduku lake mara ya mwisho, akatoa suruali yake ya buluu, akanipa. Nikamwambia asante, lakini mimi na yeye hatulingani. Hiyo ni kweli, tumbo lake linatangulia dakika mbili kabla yake. Akaondoka nayo. Nikafikiri yameisha.

Kumbe alikwenda kwa Ghati. Alimpa suruali, na kamba ya kuifungia. Na alimpa doti ya khanga mpya aliyokuwa akimpelekea shemeji yake. Ghati alikataa. Athanas akasema shemeji yake ana khanga nyingi kuliko siku za kuzivaa, na mama anayengojea mjukuu asiendewe mikono mitupu. Ghati akalia kidogo. Haya amenieleza mwenyewe, kwa maneno machache sana, huku akikunja khanga ndani ya shanta. Nafasi ilipatikana.

Nilikwenda kumuaga Athanas kwenye ngazi. Nilitaka kusema jambo zuri. Nikamwambia sanduku lake lina kutu pembeni. Akacheka, akaniambia nimsalimie Mzee wangu wa Tarime, akashuka na wachukuzi wake.

Meli imekuwa tupu ghafla. Bhoke anamtafuta.

Ijumaa, 15 Oktoba. Tarime.

Tulishuka Musoma, tukapanda basi, tukavuka mto, na barabara ikaanza kupanda. Kila kilima baridi inaongezeka. Mwishowe ukungu, na manyunyu membamba ya kuchoma. Nikavaa koti lote, na bitana. Chini yake suruali ya Athanas, imefungwa kwa kamba, nyuma inapepea kama bendera.

Mbele ya boma nikamwuliza Ghati nionekaneje. Yalikuwa maneno yangu ya kwanza kupata jibu tangu Kisumu. Akasema nionekane nyuma yake.

Mama mkwe alitoka mbio kwa umri wake. Hakuniona kabisa, na nikashukuru. Alimwona Bhoke. Alimshika uso kwa mikono miwili, akamtazama kwa karibu sana, pua kwa pua, kwa sababu macho yake kweli yanafifia. Akasema jina lao. Bhoke, ambaye analia akiniona mimi na koti, alicheka. Ghati akageukia ukuta.

Khanga zilipotolewa, mama akajifunga saa ile ile, juu ya nguo zake nyingine.

Kisha baba mkwe, Mzee Magige. Mrefu kuliko mlango wake. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaanza kunitazama toka chini. Viatu. Suruali ya Athanas. Kamba. Akarudi tena kwenye suruali. Akauliza jambo kwa Kikurya. Mimi Mkurya sikujaliwa kuwa, nimezaliwa Samuye, Usukumani. Nilisikia tu sauti, na haikuwa ya mtu anayeuliza safari.

Nilianza kupanga maelezo kuhusu furushi. Nilikuwa na maelezo matatu, yote mazuri.

Ghati akasimama. Akaja kwangu, akanifungua vifungo vya koti kimoja kimoja mbele ya watu wote, akanivua. Nikabaki na shati la waridi, natetemeka. Akalichukua koti kwa mikono miwili, akapiga goti, akampa baba yake. Akasema maneno marefu, taratibu. Sikuelewa hata moja ila jina langu.

Mzee akalivaa. Mayu wane, mama yangu! Mimi nilikuwa ndani ya lile koti kama punje ndani ya gunia. Yeye lilimkaa. Akanyoosha mikono. Akaikuta mifuko, akatia ndani ya mmoja kiko, ndani ya mwingine kisu, ndani ya ule wa mgongoni sijui nini, alicheka peke yake. Akatoka nje kwenye manyunyu, akaenda zizini, akakaa huko muda mrefu. Sisi ndani tukangoja. Hakuna aliyenitazama. Mama mkwe alimtuma mtu aniletee blanketi, lina harufu ya moshi na ndama, na sijawahi kuvaa kitu kizuri kama hicho.

Mzee akarudi. Ndani mkavu. Akasimama mbele yangu, akatafuta Kiswahili.

“Hili zito,” akasema. “Wengine wanakuja hapa na vitu vyepesi. Wewe mtu wa kubeba.”

Akanipa mkono wake.

Jumapili, 17 Oktoba. Tarime.

Wameniua kwa chakula. Jana kulichinjwa mbuzi. Mzee hajalivua koti. Jirani wanakuja kuliona, naye anafungua na kufunga bitana mbele yao kama aliyeivumbua yeye. Mmoja anauliza kama mkwe anaweza kumletea na yeye. Mzee amesema hapana kabla sijafungua mdomo.

Leo mchana nikampata Ghati peke yake, anamenya viazi. Nikamwuliza alimwambia baba yake nini siku ile.

Akasema alimwambia mume wake amelibeba mgongoni kuzunguka ziwa lote, juani na mvuani, hakulitua hata pale lilipokuwa linamwangusha.

Nikafikiri. Nikasema lakini hiyo ni kweli. Akasema ndiyo, ndiyo maana aliweza kuisema mbele ya baba. Kisha akaanza kucheka. Alicheka hadi kisu kikamwanguka, akasema ndizi zilielea, Baba Bhoke, zilielea, na mimi nikacheka, na mama mkwe ndani akauliza kuna nini. Nikachukua kisu nikamenya viazi vilivyobaki. Vibaya. Alinirudishia viwili.

Nikamwambia tukifika nyumbani nitalileta furushi kwa mikono yangu. Akasema hapana. Atalileta yeye, mwakani, kwa njia fupi.

Jumatano, 20 Oktoba. Melini, kati ya Musoma na Mwanza.

Tunarudi. Wakwe wametupa gunia la ulezi, kigoda, maziwa ya mgando kwenye kibuyu, viazi, na majogoo wawili wasiopatana. Wachukuzi walikuwa watatu. Nimewaangalia kwa masikitiko, lakini zawadi ni zawadi.

Nimekaa juu ya gunia, na nimepata muda wa kufikiri kwa utulivu. Safari imefaulu. Mkwe ameheshimiwa, bibi amemwona mjukuu, na kwa mzigo wangu mwenyewe sikuvuka shanta moja hata siku moja. Kasoro ndogo ndogo zimetokana na hali ya hewa.

Na hapa hapa nimepata wazo. Krismasi kwaya ya parokia inakwenda Chato. Watu wengi, lori moja, kila mtu na sanduku lake na mkeka wake na sufuria yake. Upuuzi! Wanahitaji mtu mmoja wa kuwapangia mizigo yote kwa pamoja. Sare zao zote zinaweza kuingia kwenye gunia moja, zikikunjwa kwa njia ninayoifikiria. Sufuria moja kubwa, na ndani yake waimbaji wa sauti ya tatu waweke viatu. Blanketi hazihitajiki. Wakiimba watapata joto. Nikifika tu naenda kwa padri kujitolea.

Nimemweleza Ghati yote. Alikuwa anamlaza mtoto. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kitu kimoja tu, kama Chato Desemba huwa kuna mvua.

Nimemwambia mvua haihusiki.